Neno Lililokatazwa Dong Lau

"Mpiga yowe hafunzwi salamu." Methali hiyo mmeisikia leo kwa shangazi yenu, wajukuu zangu, nanyi mwataka kujua ilikozaliwa. Ilizaliwa papa hapa kijijini kwetu Dong Lau, Vietnam ilipokuwa ingali na wafalme.

Siku hizo mfalme hakuitwa mfalme. Aliitwa Be Ha, yaani "chini ya ngazi", kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsemesha yeye mwenyewe. Ulisema na watumishi waliosimama chini ya ngazi za kiti chake, nao wakayapandisha maneno. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa De. Na de, kwa lugha yetu, ni tuta la kuzuia mto. Na kwa kuwa jina la mfalme halikutamkwa, neno hilo likawa mwiko nchi nzima.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tisa, tuta letu likaanza kuvuja. Wanaume wakashindilia udongo na mianzi. Nhan, mke wa mlinzi wa tuta, akakimbia hadi kasri kuomba askari.

"Mfalme, de inapasuka!" alilia ukumbini.

Bwana Khue, mkuu wa adabu za kasri, akamzuia. "Umetamka jina lake! Piga magoti. Anza na Be Ha."

"Be Ha, de..."

"Tena! Anza upya."

Alianza upya mara nne, mara tano, akitafuta neno jingine la kitu kile asilipate. Mwishowe mfalme akauliza kuna nini.

"Mwanamke wa shamba, Be Ha. Tunamfunza salamu."

Mfalme akashuka ngazi zote. "Mama, sema kama msemavyo kwenu."

"De inapasuka."

Askari mia tatu walitoka mbio. Walikuwa wameshaonekana kwenye mashamba ya mpunga tuta lilipokatika. Nyumba kumi na tisa zilikwenda na maji, pamoja na wote waliokuwa juu ya tuta, akiwemo Vinh, mume wa Nhan.

Kesho yake mfalme alikuja kwa mtumbwi. "Tulichelewa kiasi gani?" akauliza.

Nhan alimtazama usoni, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo.

"Kiasi kile nilichofunzwa salamu."

Mfalme alivua kilemba chake, akaketi topeni pamoja na wafiwa. Kabla ya kuondoka aliamuru jina lake litamkwe na kila mtu.

Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akiingia anahema bila hodi, tunamsikiliza kwanza. Mpiga yowe hafunzwi salamu.