Komba, Fisi na Swala wa Ndani ya Kamera

Mmekuja?
Tumekuja!
Macho mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Na yule kule nyuma anayechezea simu?
Anaizima!
Aizime kweli, maana hadithi hii ina simu za kutosha.

Palikuwa na Komba. Mnamjua Komba, yule mnyama mdogo wa mtini, mwenye mkia mrefu na macho makubwa kama vifuniko vya sufuria. Komba huyu alikuwa na kamera. Aliipata wapi? Msiniulize. Nami niliikuta mkononi mwake.

Mtandao nao walikuwa nao bondeni kwao. Mnara wake alikuwa Twiga. Twiga akisimama wima, mtandao upo. Twiga akiinama kunywa maji, mtandao hakuna, na bonde zima linapiga kelele, "Twiga, inua kichwa!" Ndivyo walivyoishi, na hawakuona ajabu.

Basi Komba hakupiga picha za harusi wala picha za vitambulisho. Alipiga picha za sanaa. Siku moja alfajiri aliona tone la umande limening'inia kwenye utando wa buibui. Akashusha pumzi. Akapiga, kacha! Akaitazama picha, moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Akaitupia mtandaoni.

Ting!

Aliyeandika alikuwa Fisi. "Giza tupu. Umepiga ukiwa ndani ya gunia?"

Komba akashangaa. Giza? Haya, labda ni giza. Kesho yake akangoja jua lipande vizuri. Akaona gome la mti limebanduka na rangi ya kutu chini yake. Akapiga, kacha! Akaitupia mtandaoni.

Ting!

"Mwanga umezidi. Unataka kutupofusha?"

Komba akakuna kichwa. Jana giza, leo mwanga. Akatafuta katikati. Akapiga swala amesimama kwenye ukungu, mguu mmoja juu, hajui aende au abaki. Kacha! Picha ile Komba aliipenda kuliko zote alizowahi kupiga. Akaandika chini yake "Swala", akaitupia mtandaoni, akafumba macho.

Ting!

"Futa lenzi, ndugu. Au umelewa tena?"

Na Komba, nawaapia, mwaka ule hata tone la pombe hakuwa ameonja.

Fisi alikuwa mkubwa, ana taya, ana sauti. Kwa hiyo alipoandika, wengine walifuata. Nyani akaandika, "Kweli, mzee." Ngiri akaandika, "Kweli, mzee." Nyumbu wao waliandika "Kweli, mzee" kabla picha haijafunguka. Nao walikuwa wengi, kama mnavyowajua nyumbu.

Komba akaenda kwa jirani yake wa chini ya mti, Shangazi Kanga.

"Shangazi, picha zangu ni mbaya?"

"Mbaya kwa nani, mwanangu? Achana na Fisi. Fisi domo lile halina kazi nyingine."

"Kwa hiyo ni nzuri?"

Shangazi Kanga akaparua vumbi, paru-paru-paru. "Ni nzuri. Ila ile ya kwanza, na kweli, ilikuwa na kigiza."

Sasa Komba akavurugikiwa kabisa. Akapanda juu, akakaa kwenye tawi, akazitazama picha zake moja baada ya moja. Kila akitazama tone la umande anaona gunia. Kila akitazama gome anaona upofu. Mwisho akasema, "Nitazifuta zote. Na kamera naitoa. Anayeitaka aichukue." Na ile kamera ndiyo iliyokuwa furaha yake ya pekee.

Hajamaliza, akasikia chini ya mti, fnn! fnn! fnn!

Alikuwa Fisi, pua juu.

"Mpwa wangu," alisema Fisi kwa sauti ya asali, "nimesikia unataka kuacha. Uamuzi wa busara huo. Nipe hicho kiboksi nikakitupe mbali, kikuondokee na aibu yake."

"Mjomba Fisi, kweli picha zangu ni mbaya kiasi hicho?"

"Mbaya mno. Zinatia huruma. Kilete." Fisi akameza mate, glup. Kisha akanong'ona, "Mpwa, yule swala mnene bado yumo?"

"Yumo wapi, mjomba?"

"Humo. Kiboksini."

Komba akamtazama Fisi. Akaitazama kamera. Akamtazama tena Fisi. Mate yalikuwa yanamdondoka mzee wa watu, to, to, to, mpaka kwenye vidole vya miguu.

Ndipo likaanza kumwingia, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Fisi alidhani kamera ni ghala. Alidhani kila anayepigwa kacha! anatumbukia ndani. Alikuwa anaziponda picha ili mwenyewe aikatie tamaa kamera, yeye aibebe akale swala kivulini!

Hapa mngetaka niseme Komba akacheka. Hakucheka. Alizidi kuchanganyikiwa. Kwa hiyo giza halikuwa giza? Mwanga haukuwa mwanga? Aliyahangaikia usiku na mchana maneno ya mtu mwenye njaa? Hasira zikampanda, na jibu likamtoka kinywani kabla hajajua limetoka wapi.

"Yumo, mjomba. Yumo na ndugu zake. Ila mlango wao haufunguki kwa meno."

"Unafunguka kwa nini?"

"Kwa sifa. Ukizisifu picha, unalegea. Ukiziponda, unajikaza. Nawe umeziponda mno."

"Ala! Na hukuniambia!" Fisi akashika kichwa. Akageuka, akatimua mbio kwenda pangoni kwake kwenye simu, ndu ndu ndu ndu!

Kuanzia hapo, masikio ya Komba hayakupumzika.

Ting! "Sanaa! Sanaa tupu!"

Ting! "Mwanga umekaa kitako!"

Ting! "Giza tamu hili, umelitoa wapi?"

Nyani akaandika, "Kweli, mzee." Ngiri akaandika, "Kweli, mzee." Nyumbu wakaja kundi zima, kweli mzee, kweli mzee, mpaka Twiga akalalamika kwamba shingo inamuuma.

Komba akafurahi. Nani asingefurahi? Alitembea matawini kifua mbele. Akala vizuri, akalala vizuri. Lakini asubuhi moja, akiwa bado na usingizi, akapiga picha kidole chake kimeziba lenzi, na kwa bahati mbaya akaitupia mtandaoni. Picha nzima ni kidole.

Ting! "Kidole gani hiki! Sijapata kuona kidole kilichotulia namna hii!"

"Kweli, mzee." "Kweli, mzee."

Komba akakaa chini. Akahesabu alama za moyo ilizopata picha ya tone la umande, akahesabu zile za kidole. Kidole kilikuwa kimeshinda. Akachanganyikiwa kuliko siku zile za matusi, maana tusi angalau lilimuuma, lakini hii sifa hakujua aiweke wapi.

Na Fisi je? Fisi aliacha kuwinda. Kazi yake ikawa kusifu. Mbavu zikamtoka, ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Mwisho hakuvumilia, akaja chini ya mti, safari hii bila asali.

"Fungua."

"Mjomba..."

"Nimesifu mpaka kidole! Fungua, au napanda."

Fisi hapandi miti, lakini mti wenyewe ulikuwa mfupi, na taya za Fisi zilikuwa ndefu. Komba aliogopa, nasema wazi, aliogopa hadi mkia ukasimama. Kamera aliikumbatia kifuani. Akasema la kusema, "Mjomba, huyo swala mfungue kwenye simu yako. Umtazame. Yule hatoki kwa mtu asiyemtazama."

"Nimtazame?"

"Kwani hujawahi kumtazama?"

"Nitazame ya nini? Mimi niliona neno swala, nikaandika."

Fisi akatoa simu. Akaifungua picha. Na swala alikuwepo, kwenye ukungu, mguu mmoja juu. Fisi akapanua kinywa juu ya simu, meno yote nje, macho yamemtoka. Komba, kwa mazoea tu ya mkono, akapiga. Kacha!

Wakati huohuo kiu ikamshika Twiga. Akainama mtoni. Mtandao ukakatika, na kioo cha simu kikawa cheupe, pee!

"Yuko wapi?" Fisi akapiga ukelele. "Yuko wapi swala wangu?"

"Katoka, mjomba!" Komba akasema, akanyoosha mkono upande wowote ule. "Kapita kule!"

Ndu ndu ndu ndu! Fisi huyo, vichakani, mabondeni, ng'ambo ya mto. Alikimbia mchana kutwa akimfukuza swala ambaye hakuwepo.

Jioni Komba aliitazama ile picha ya mwisho. Ilikuwa kinywa, meno na yale macho. Akaitupia mtandaoni, bila jina wala neno.

"Sanaa tupu!" akaandika Nyani. "Kweli, mzee," wakaandika nyumbu, ingawa mzee hakuwa amesema kitu.

Fisi alirudi pangoni amechoka, miguu inamuuma, hana swala. Akafungua simu akiwa bado na tamaa kwamba huenda mnyama wake amerudi. Akaikuta picha ile. Uso wake mwenyewe Fisi hakuwahi kuuona akiwa katika hali ile, hakuujua ni wa nani. Akamtafuta swala pembe zote za picha, hayupo. Akarudi katikati. Akatazama. Akaendelea kutazama.

Ting!

Komba alisita kufungua. Akafungua kwa jicho moja.

Fisi alikuwa ameandika, "Huyu ana njaa."

Komba akasoma. Akasoma tena. Ilikuwa sifa? Ilikuwa tusi? Hakujua. Alijua tu kwamba kuna mtu, kwa mara ya kwanza, ameitazama picha yake. Akalia kidogo juu ya tawi, kisha akamjibu: "Ndiyo, mjomba. Ana njaa sana."

Haya, mnataka funzo, naona mnavyonikodolea macho. Funzo ni hili: mkosoaji husema kweli siku zote, kwa hiyo msikilizeni kwa makini. Ila kwanza mpelekeeni sahani.

Mmesikia?
Tumesikia!
Mmeelewa?
Hatujaelewa!
Hata Komba hakuelewa. Aliyeipenda aseme. Aliyeichukia, akale kwanza, ndipo aje aniambie.