Kindi na Mkia wa Mdomo

Paukwa!
— Pakawa!
Kaeni vizuri, mikia ndani!
— Hatuna mikia!
Afadhali yenu. Basi sikilizeni.

Kindi alikuwa na mkia, jamani, mkia! Mnene, laini. Bila huo angeruka tawi aanguke pu! Aliupenda kuliko karanga.

Ng'ambo ya mabonde matatu aliishi Fisi, mlafi na mvivu wa kuwinda. Siku moja akapanda jiwe akapaza sauti: "Mikia ni uchafu! Kateni, mniletee niizike!" Akaletewa. Akaizika tumboni, nyamu nyamu nyamu.

"Na wako je, Kiongozi?" wakamuuliza walioleta.

"Huu si mkia. Ni bendera."

Neno likaruka bonde. Nyani, ambao hawajawahi kumwona Fisi hata unyayo, wakasema, "Fisi anakata mikia? Sisi na masharubu!" Kacha, kacha! Neno likaruka mto. Ngiri wakasema, "Nyani wamekata masharubu? Sisi hata kulala mchana marufuku!" Kila kilima kikaona haya kuachwa nyuma, kila kilima kikaongeza chake.

Asubuhi moja ngiri wakauzunguka mti wa Kindi na mapanga.

"Shuka, Bi Kindi, tukutakase!"

Kindi aliogopa mno. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"He! Ndugu zangu, bado mko kwenye mikia? Wenzenu siku hizi hata kucheka ni marufuku. Kucheka ni mkia wa mdomo!"

Ngiri wakatazamana. "Nani kasema?"

"Mnauliza? Kumbe hamjatakasika!"

Wakaona haya, wakatimua mbio kutangaza. Kilima kwa kilima, neno likafika kwa Fisi na jeshi zima nyuma yake, na Kindi nyuma ya jeshi.

"Kiongozi, ni kweli ulisema kucheka ni mkia wa mdomo, na mwenye nao akatwe?"

Fisi hakuwa na habari. Lakini aonekane mlegevu, yeye? "Nilisema zamani!"

"Basi nimekuja nitakaswe," akasema Kindi, akipenya kati ya miguu yao. Akageuka kwa adabu. Mkia ukamtekenya Fisi pua, fyu, fyu, fyu. Fisi akabana meno. Fyu, fyu. Machozi yakamtoka. Fyu.

"Hi hi hi hiiii!"

Kisha wote: "Mkia wa mdomo! Kata!"

Fisi chomoka! Vumbi tifu! "Jamani, mimi ndiye kiongozi!"

"Kiongozi gani anacheka? Mshike!"

Kindi alikuwa juu ya mti, kaukumbatia mkia wake, anacheka mpaka mbavu zinauma. Chini, nyani mmoja mzee alijipapasa nyuma, akakuta hamna kitu, akaanza kulia.

Hadithi imekimbilia porini, anayeitaka aifukuze. Na funzo lake ni hili: ukisikia neno kutoka kilima cha mbali, usiulize nani kasema. Ongeza ukali, ulipeleke mbele, upesi, kabla jirani hajakuzidi.

Na wewe unayecheka hapo, hebu geuka tukuone nyuma.