Mchanga wa Bwana Hirose

Huku kwetu Horokanai hakuna anayehitaji kalenda ili ajue theluji iko njiani. Mwishoni mwa Oktoba hutokea wadudu wadogo weupe, wenye manyoya kama pamba, huelea hewani jioni mbili tatu kisha hutoweka. Tunawaita wadudu wa theluji. Wakishaonekana, kila nyumba hutoa tairi za baridi stoo na kuzifunga garini. Hata mlevi hufanya hivyo. Hata mvivu.

Odajima Kiyotaka hakufanya. Alimfuta mdudu mmoja kwenye kioo cha gari lake kwa kidole, akasema, "Wiki ijayo."

Neno hilo kama alizaliwa nalo. Ndilo lililomchosha mkewe, Satsuki, hata akafunga virago na kuhamia mjini Asahikawa, ng'ambo ya mlima, pamoja na binti yao Mizuho. Kiyotaka aliahidi kumtembelea mtoto kila mwezi. Mwezi ukawa miezi mitatu, mitatu ikawa sita. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi ninapomsimulia. Alimpenda mwanawe kwa dhati, ila mapenzi yake siku zote yalikuwa ya kesho.

Gari lenyewe lilikuwa sedani jeusi la zamani, la aina ambayo injini husukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Kiangazi gari la namna hiyo ni raha tupu. Kwenye theluji mkia wake ni mwepesi, hauna cha kuukandamiza chini, na dereva akikanyaga mafuta kidogo tu nyuma kunataka kutangulia mbele. Majirani wote walikwisha kununua magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Kiyotaka aliwacheka.

"Hili ni gari la dereva," alimwambia Mama Kuriyama, mjane mwenye gereji iliyo karibu na kinu cha ngano nyeusi. "Hayo yenu yanajiendesha yenyewe."

"Theluji haiulizi leseni, Odajima. Lilete hilo jeneza lako leo, saa moja tu nimemaliza."

"Kesho, Mama Kuriyama."

"Kesho yako naijua. Imekumalizia ndoa, sasa inatafuta nini tena?" Alijifuta mikono kwa kitambaa, akaanza kumhesabia kwa vidole vyenye grisi. "Haya, sikia. Tairi nne zote, siyo mbili. Mchanga kilo sitini kwenye buti, juu ya ekseli kabisa. Na ukisimama penye baridi usivute breki ya mkono! Acha gari kwenye gia, weka kabari kwenye gurudumu. Breki za nyuma zikilowa zinaganda, na wewe unasukumwa na hayo hayo magurudumu ya nyuma. Utakwenda na nini?"

"Mama, mimi nimeendesha miaka ishirini na tano."

"Hata punda wangu wa kwanza alivuta mkokoteni miaka ishirini. Hakuwahi kuwa fundi."

Kiyotaka akacheka, akaondoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jioni ya siku ya saba ya Novemba, Mizuho alimpigia simu.

"Baba, nimetimiza miaka kumi na mitano."

"Najua, mwanangu. Zawadi yako iko hapa, wiki ijayo nita..."

"Sikupiga kwa ajili ya zawadi." Sauti ya binti ilikuwa tulivu mno. "Bwana Hirose anataka kuniandikisha niwe mtoto wake. Jina litabadilika. Kwa umri huu anayetia sahihi ni mimi mwenyewe, siyo mama."

Kiyotaka alitafuta kiti akaketi. Bwana Hirose alikuwa mume mpya wa Satsuki, muuza mbogamboga, mtu mpole asiye na makuu.

"Na wewe mwenyewe unatakaje?"

"Ndiyo maana nataka tuonane. Siyo kwenye simu. Jumamosi ya tarehe kumi na nane, saa sita mchana, ule mgahawa wa tambi karibu na stesheni. Saa nane mashahidi wanakuja nyumbani na karatasi. Usichelewe, baba."

"Hata mbingu zianguke, nitakuwa pale kabla yako."

Na alikusudia hivyo. Usiku ule hakupata usingizi. Alijiona ameketi mbele ya mwanawe, akimwambia maneno yote aliyoyaweka akiba miaka minane. Alikuwa na siku kumi kamili za kulitayarisha gari. Lakini siku hizo zilipambazuka kavu, moja baada ya nyingine, na barabara iliendelea kuwa nyeusi na safi. Kila asubuhi alitazama mlima, hakuona jeupe, akajipa moyo. Ijumaa jua liliwaka hata watu wakavua makoti. Tairi zilikuwa stoo, nyuma ya mashine ya kusukumia theluji, na kuitoa mashine ile ilikuwa kazi. Akasema ataamka mapema.

Jumamosi alipofungua mlango, theluji ilimfika nusu ya muundi.

Saa moja kasoro dakika chache alikuwa angali akichimba njia ya kutoa gari. Basi la asubuhi la kwenda Asahikawa, la pekee tangu reli ing'olewe, lilipita mbele ya nyumba yake polepole, taa zake zikiwaka, viti vingi vitupu. Dereva alimwona, akapunguza mwendo. Kiyotaka angeinua mkono tu. Hakuinua. Alitaka binti yake amwone akifika na gari lake, mtu mzima anayejitegemea. Basi likaenda.

Kwa Mama Kuriyama alikuta foleni ya magari kumi na moja.

"Nisaidie, mama, nina safari ya maana," alisema akihema.

"Na hawa wana safari ya mzaha?" Kisha alimtazama usoni, sauti ikashuka. "Ni ya mtoto, sivyo? Basi kwa nini hukuniambia? Ningekuja mwenyewe na jeki. Lakini sasa siwezi kuwaruka watu kumi na mmoja. Yule mzee pale anampeleka mkewe kusafishwa figo."

Alirudi akafunga tairi mwenyewe. Zilikuwa na miaka tisa. Meno yake yalikuwa bado marefu, ila mpira ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama soli ya kiatu cha marehemu. Mchanga hakuwa nao, hivyo akajaza theluji katika magunia na kuyatupa ndani ya buti. Haraka haraka haina baraka: alipoondoka, saa tatu ikiwa imepita, simu yake ilibaki juu ya meza ya jikoni.

Kupanda mlima kulikuwa mateso. Katika kila kona mkia ulimponyoka, na mara moja gari liligeuka likatazama lilikotoka. Saa nne na nusu alisimama kwenye uwanja mdogo wa kuegesha karibu na kilele ili greda la theluji lipite na kumsafishia njia. Uwanja uliinama kidogo. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka ishirini na tano ya kiangazi, alivuta breki ya mkono.

Greda lilipita baada ya dakika arubaini. Kiyotaka akaachia breki, akatia gia, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma, gari halikusogea. Magurudumu ya nyuma, yaliyopanda mlima mzima yakiloa tope la theluji, yalikuwa yameganda.

Alimimina chai yote ya chupani juu ya gurudumu, nayo ikaganda. Alipiga kwa spana mpaka vidole vikachubuka. Saa sita ilimkuta amepiga magoti kwenye theluji, akiwaza kiti kilichokuwa kitupu mbele ya mwanawe, na alilia waziwazi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona. Saa saba na nusu ndipo dereva mmoja wa lori la maziwa aliposimama, akashuka na nyundo na birika la maji ya moto.

"Nani kakufundisha kuvuta breki ya mkono huku juu, kaka? Wewe mgeni?"

"Hapana," alijibu Kiyotaka. "Nimezaliwa hapa."

Alifika kwenye mgahawa saa tisa na robo. Mwenye mgahawa alimwambia kwamba ndiyo, palikuwa na msichana karibu na dirisha, tangu saa tano na nusu. Alikunywa glasi tatu za maji, akakataa kuagiza chakula, akisema anamngoja mtu waagize pamoja. Aliondoka saa nane na nusu.

Mbele ya nyumba ya Bwana Hirose theluji ilikuwa imekwisha kusombwa. Palisimama kigari chake cha kubebea mboga, kinachosukumwa nacho kwa magurudumu ya nyuma tu, kama sedani la Kiyotaka. Kilikuwa na tairi mpya za baridi, kabari kwenye gurudumu, na mifuko ya mchanga iliyofungwa kwa kamba juu ya ekseli.

Mizuho ndiye aliyefungua mlango.

"Mwanangu, theluji ilikuwa..."

"Theluji imeanguka na huku pia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mashahidi waliningoja nusu saa nzima. Niliwaambia kwa simu labda uko njiani."

"Usitie sahihi, Mizuho. Nakuomba."

Binti alimtazama. "Hilo ndilo neno nililotaka kulisikia. Hilo tu. Ungelisema saa nane kasoro, nisingetia." Kisha akainama kwa adabu, kama mtu anavyomwinamia mgeni. "Nimeshatia. Karatasi mama ameipeleka isajiliwe."

Bwana Hirose alitoka, akamsalimu kwa heshima, akaenda kwenye kigari chake. Bila kuulizwa alishusha mifuko miwili ya mchanga, akafungua buti la sedani, akatoa yale magunia ya theluji na kuiweka mifuko mahali pake, juu ya ekseli kabisa.

"Nina mingine stoo," alisema. "Kule juu kumeganda, Bwana Odajima. Nenda salama."

Kiyotaka alirudi mlimani giza likiingia. Alipita kona zote zilizomponyoka asubuhi, na mkia haukucheza hata mara moja. Mchanga wa Bwana Hirose uliushika barabarani mpaka mlangoni pake. Mezani simu ilikuwa ikimetameta. Mizuho alikuwa amempigia mara tisa, na mara ya mwisho ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano.

Wahenga walisema, naye Odajima ni shahidi wao: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.