Harusi ya Sultani Asiyeshindwa

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na simu na sisi binadamu hatuna hata kibiriti. Msicheke, sikilizeni.

Wanyama wa Mabwawani walikuwa na kundi la kutunga hadithi moja kwa pamoja. Kila mmoja na mhusika wake: huyu akiandika kidogo, yule anaendeleza. Masharti mawili tu. Usimwendeshe mhusika wa mwenzio, na kilichoandikwa hakifutwi.

Pimbi, ambaye akijinyoosha sana anafika goti la mbuzi, alikuwa na Zaituni, jambazi aliyekuwa njiani kwenda kuiba taji la Mfalme wa Majini. Alimpenda Zaituni kuliko mumewe, na mume alijua.

Kiboko alikuwa na Sultani Radi. Huyo hashindwi, hachoki, haumwi hata jino. Kazi yake kuamuru, na wahusika wa wenziwe, watake wasitake, Kiboko anawatiisha.

Siku hiyo Pimbi anakaanga vitumbua, simu ikalia ti-ti-ti! Akasoma: "Sultani Radi akaamuru, 'Zaituni, acha wizi, nakuoa kesho!' Zaituni akazimia kwa mapenzi, puu! Sasa atapika pilau ikulu hadi uzeeni."

"Pilau? Zaituni wangu?" Kitumbua kikaungua.

Akatoka mbio hadi bwawani.

"Mzee Kiboko, shikamoo. Zaituni hajazimia!"

"Marahaba, kajukuu. Kilichoandikwa hakifutwi," Kiboko akajibu, maji hadi puani. "Nawasaidia tu. Hadithi zenu zimedoda."

"Anasaidia!" akasema Twiga, aliyekuwa akinywa maji ukingoni. "Mimi nilikwenda kuoga, narudi nakuta jitu langu limekatwa kichwa!"

"Lilinitazama vibaya," akasema Kiboko.

Pimbi hakubishana. Kubishana na kiboko ni kupiga gumzo na jabali. Alirudi nyumbani, akaandika:

"Kabla ya harusi pakawa na shindano la kunyamaza. Zaituni akanyamaza tangu adhuhuri hadi magharibi. Watu wakapiga vigelegele: hana mpinzani!"

Hana mpinzani? Vidole vya Kiboko vikamwasha. "Sultani akanyamaza wiki nzima!"

Twiga, aliyekuwa sasa na mchunga mbuzi, akanusa jambo. "Mchungaji wangu akanyamaza mwaka."

"Sultani Radi akanyamaza MILELE!" Kiboko akabonyeza, tap-tap-tap. "Hasemi tena, hatikisi kichwa, hanyanyui hata kidole! Nani kama yeye?"

"Hakuna, Mzee," akaandika Pimbi. "Hongera sana."

Kesho yake harusi. Kadhi alikuwa mhusika wa Kobe, na Kobe huandika kama anavyotembea. Wote wakangoja, wakangoja. Mwishowe: "Kadhi akasema, 'Sultani Radi, nakuozesha Zaituni. Umekubali?'"

Kiboko akarukia simu. "Sultani akasema, 'Nime…'"

"Aa! Aa!" akaandika Twiga. "Kanyamaza milele!"

"Basi atikise kichwa!"

"Hatikisi, Mzee. Mwenyewe umeandika."

"Aweke saini!"

"Kwa kidole kipi?" akauliza Pimbi.

"Kobe! Mwambie kadhi wako afungishe hivyo hivyo!"

Wakangoja tena. "Bwana harusi hajakubali, nifungishe nini? Kadhi wangu ana ndevu na heshima zake. Hakuna ndoa hapa."

"Basi Sultani akaamuru…" Kiboko akaanza, halafu akakwama. Akaamuru kwa kinywa gani? Blubu-blubu-blubu! Akazama na simu yake, yakabaki mapovu.

Pimbi akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaandika: "Zaituni akamvua Sultani kilemba, akamvua na viatu, akapanda farasi wa harusi. 'Mume mtarajiwa, una neno?' akauliza."

Akangoja kwa adabu zote, maana zamu ilikuwa ya Kiboko. Simu haikulia.

"Basi kwaheri," akasema Zaituni, akaenda zake kuiba taji.

Nanyi mshike hili: anayetaka kusemea kila kinywa, hukipoteza chake.