Ukoo Usiokaa Siku ya Idi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa sufuria motoni, mfuniko unarukaruka, hautaki kutulia. Nami sitaki. Sogeeni. Wewe unayejikuna, maliza kwanza, ndipo nianze.

Hapo kale palikuwa na ukoo wa Mzee Vuai. Watu wa sala, watu wa jembe, hawana neno na mtu. Lakini ikifika Idi, hawakai. Wanakula pilau wakitembea! Mke aliyeolewa karibuni ndiye anayebeba sufuria ubavuni, kama anavyobebwa mtoto. Anatangulia, anazunguka nyumba. Wenzake nyuma na sahani zao: chota, tafuna, tembea. Chota, tafuna, tembea. Hakuna kusimama mpaka sufuria iwe tupu. Na anayekaa, hali.

Mzee Vuai alikufa zamani. Wanawe wakazunguka. Wajukuu wakazunguka. Ikafika zamu ya kitukuu, Makame, akaoa binti anaitwa Mize.

Sasa Mize alikuwa na mama yake, Bi Tatu, mwenye goti lililovimba kama fenesi. Idi ikikaribia, Bi Tatu akatuma salamu: "Nakuja kula sikukuu kwako. Nikaone kama nimemtoa mwanangu kwa watu, au kwa wahuni."

Mize akapiga hesabu. Mama hawezi kuzunguka. Asipozunguka, hali. Asipokula, ndoa haipo.

Akamwuliza mumewe: "Makame, kwa nini hatukai?"

"Nilimkuta baba akizunguka."

Akamwuliza baba mkwe: "Baba, kwa nini hatukai?"

"Nilimkuta baba akizunguka."

Akamwuliza mama mkwe, Bi Mkasi: "Mama, kwa nini hatukai?"

"Umeolewa juzi, leo unauliza! Subiri walau meno yakutoke."

Mnaona? Watatu, hata mmoja hajui. Na ndani ya nyumba hiyohiyo yupo Bibi Mosi, mke wa Mzee Vuai mwenyewe, kongwe, miguu imekufa. Kila Idi anapewa uji kitandani, maana hazunguki. Nani kamwuliza? Hakuna. Mtu akizeeka mnamdhania gunia. Nyinyi pia, msiniangalie hivyo.

Idi ikaingia. Bi Tatu huyo, mkongojo mkononi, akajitupa barazani.

Bi Mkasi akamwambia, "Mkwe, karibu, lakini huku hatukai."

"Mkwe, goti hili hulioni?"

"Naliona, pole. Ila anayekaa, hali. Ndiyo mila yetu."

Bi Tatu akamgeukia bintiye. "Mize, funga nguo zako. Nyumba inayoninyima mimi wali siku ya Idi, wewe itakunyima maji siku ya homa. Twende."

Makame akasimama mdomo wazi, kama mlango usio na bawaba. Wanaume!

Mize akasema, "Mama, nipe muda nizungushe sufuria hii. Ikiwa tupu, tunaondoka."

Akaifunga sufuria kanga, akaiweka ubavuni, akatoka. Hakutembea, alikwenda mbio! Mzunguko wa kwanza, wakacheka. Mzunguko wa pili, wakanyamaza. Mzunguko wa tatu, sahani zikaanza kuanguka. Kila anayenyoosha mkono achote, Mize kashapinda kona. Na sufuria imejaa vilevile, basi kusimama hakuna.

"Mize, taratibu!"

"Mila, baba!"

"Mize, mke wangu, simama!"

"Sufuria haijawa tupu, mume wangu!"

"Mize, shetani wee!" Huyo Bi Mkasi, kanga imemvuka, jasho linamchuruzika. Akafika barazani, magoti yakamkataa. Puu! Akakaa, ubavuni kwa Bi Tatu.

Mize naye akasimama, akafunua sufuria. Pilau ikanukia mpaka njiani.

"Nipakulie," akasema Bi Mkasi, anahema.

"Umekaa, mama. Anayekaa, hali."

Bi Tatu anatazama kando, anabana kicheko.

"Basi leo anayekaa anakula," Bi Mkasi akasema. "Mpe mama yako kwanza. Halafu mimi. Nyama usinibanie."

Wakakaa wote. Zile kelele za miguu zikakatika. Ndipo sauti ikatoka chumbani, ya Bibi Mosi: "Mbona mmetulia? Faki kashaondoka?"

Wakatazamana. Mize akaingia. "Faki gani, bibi?"

"Jirani. Vuai alikuwa bahili, Mungu amrehemu. Siku ya Idi akimwona Faki anakuja mlango wa mbele, anatutoa na sufuria mlango wa nyuma. Faki akija nyuma, sisi mbele. Tunakula hukohuko njiani, asitukute. Kaondoka?"

Jamani! Faki ana miaka arobaini kaburini, na watu wazima bado wanamkimbia.

Mize akamletea bibi sahani, imejaa mpaka ukingoni. Bi Tatu akaomba ya pili, akasema nguo za Mize zisifungwe kwanza.

Bi Mkasi akafuta mikono. Kisha akapakua sinia moja, akaweka nyama nzuri juu, akalifunika kawa.

"Makame, peleka kwa wajukuu wa Faki."

"Niwaambie nini, mama?"

"Waambie Idi njema. Wakiuliza mbona leo, wewe kimbia."

Hapo ndipo ninapofunika chungu changu. Aliyeshiba aondoke na hadithi hii, aliyebaki na njaa akajipikie yake.