Katoni Zilizobaki Gatini

Cha kutoka kwanza huingia mwisho. Ndivyo dereva wa kirikuu alivyowakemea asubuhi hii, mlipotanguliza masufuria na mafiga ndani ya gari, kisha mkayafukia kwa viti mia vya harusi. Mlicheka, mkadhani ni ukali wa mtu mwenye haraka zake. Sasa mnaniuliza maneno yale yametoka wapi. Basi kaeni kwenye viti hivyo hivyo mlivyovishusha, niwasimulie, maana nilikuwapo yalipoanza. Na nisijisafishe mbele yenu: aliyelikoroga ni mimi.

Miaka hiyo nilikuwa koplo katika manowari yetu, Kipanga. Mtu akisikia manowari hufikiria mizinga. Mizinga ya Kipanga niliisikia ikilia mara mbili tu, na zote zilikuwa siku za sherehe. Kilichofanya kazi kila siku ya Mungu kilikuwa ghala. Watu themanini wanakula mara tatu, wanaoga, wanavaa viatu, injini inataka mafuta na vipuri, na huko baharini hakuna duka la jirani. Ukisahau chumvi, mtakula bila chumvi mpaka mrudi.

Ghala hilo lilikuwa mikononi mwa Sajenti Somoe Likwata, mwanamke wa Lindi, mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kunyamaza ili umsikie. Sijapata kumwona akikimbia. Mfukoni alikuwa na chaki daima, na kila mzigo ulioingia melini aliutia alama kwa mkono wake. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamuuliza vitambaa vya kuchujia mafuta viko wapi, akakuambia rafu ya ngapi na upande gani, kisha akageuka kulala. Nilimheshimu, lakini miezi yangu miwili ya kwanza chini yake nilidhani anajisumbua bure. Mimi nilitoka kikosi cha malori. Kwetu mzigo ulikuwa mzigo, ilimradi turubai lifungwe.

Mwaka huo mvua ilinyesha bila kupumzika, kisha kipindupindu kikaingia kisiwa cha Nyamwale. Simu ya upepo ilileta habari kwamba zahanati ya kule ina mganga mmoja, mwanamke, na dripu zake hazitavuka kesho. Mnajua kipindupindu kinavyoua: kinamkausha mtu maji mwilini. Ukimtundikia dripu mapema, jioni anaomba uji. Ukichelewa, unatafuta sanda. Kipanga ikapewa kazi ya kupeleka dripu katoni mia moja na sitini, dawa ya kusafishia maji, mahema, viroba vya sembe tani arobaini, na mabati ya kuezekea nyumba zilizoanguka.

Nyamwale haina gati. Meli hutia nanga nje ya mwamba, na mzigo huingizwa kwa boti ndogo kupitia mlango mmoja mwembamba kwenye mwamba huo. Mlango hupitika maji yakiwa yamejaa tu, kwa muda usiofika saa moja na nusu. Yakianza kupwa, mawe yanachomoza, nawe utangoje mpaka yajae tena jioni. Siku ya pili yake maji yangejaa saa kumi na mbili asubuhi. Safari yenyewe ingetuchukua muda wa saa kumi na mbili. Kamanda wetu, Meja Rwezaula, akaamua tung'oe nanga saa tisa alasiri, ili tufike mapema na tungojee maji pale pale.

Asubuhi ile ile Sajenti Somoe akaniita.

"Koplo Nambunga, mimi naenda na lori kuchukua katoni hamsini za dripu zilizobaki bohari ya dawa. Wewe anza kupakia. Mabati kwanza."

"Ndiyo, afande," nikajibu.

Akaondoka. Nami nikabaki gatini nikiyatazama yale mabati, na akili yangu ikaanza kunidanganya. Mabati kwanza! Watu wanakufa, nani atakayekula mabati? Kwetu mgeni wa heshima hutangulizwa ndani, akapewa mahali pazuri, wengine ndio wafuate. Na katika mzigo ule mwenye heshima alikuwa nani kama si dripu? Basi nikaamuru katoni zote mia na kumi zilizokuwapo zishushwe kwanza, chini kabisa tumboni mwa meli, pembeni, mahali ambapo hata wimbi halitazitikisa. Juu yake tukapanga sembe. Juu ya sembe mahema. Mabati tukayasukumia mwisho mlangoni, kama mtoto wa kambo. Sitaha tuliijaza mapipa ya maji safi na ya mafuta mpaka pakakosa pa kuweka kigoda. Saa nane mchana tukamaliza. Nilijipangusa jasho nikiwa najisikia nimefanya kazi ya mtu wa maana.

Lori likafika. Sajenti Somoe akashuka, akachungulia tumboni mwa meli, akanitazama.

"Dripu ziko wapi?"

"Chini kabisa, afande. Ndizo nilizozitanguliza. Zimekaa salama kuliko vyote."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alitoa chaki mfukoni, akaichezesha vidoleni. Kisha akamwambia mtu wa winchi, kwa sauti ile ile ya chini, "Toa vyote."

Nilidhani anatania. Tani arobaini za sembe tulizozihangaikia tangu asubuhi! Mabaharia walilalamika waziwazi, na mmoja akaketi chini kabisa. Winchi haijanyanyua hata wavu mmoja, Meja Rwezaula akawa ameshuka ngazi. Alikuwa mtu mrefu, Mhaya, mwenye haraka katika kila jambo, na siku ile alikuwa amekwisha kupigiwa simu tatu na wakubwa wakiuliza meli itaondoka lini.

"Sajenti, nini hiki? Saa tisa naondoka."

"Afande, naomba mpaka saa kumi na mbili kasorobo."

"Unaniomba karibu saa tatu! Unajua tutafika muda gani? Maji yatakuwa yamejaa tayari, hatutakuwa na hata dakika ya kupumua. Injini ikikohoa kidogo tu njiani, mlango umefungwa, tumekwama nje mpaka jioni. Wagonjwa hawana mpaka jioni!"

"Najua, afande."

"Basi dripu mtazifukua tukiwa kule, tukingoja maji."

"Sembe tutaiweka wapi, afande? Sitaha imejaa mapipa. Na nje ya mwamba kuna mawimbi, wavu wa tani moja ukiyumba utaua mtu. Kuzifikia dripu ni kazi ya zaidi ya saa mbili hapa kwenye gati lililotulia. Kule mlango utafunguka, tutatoa mabati na mahema, na mlango utajifunga." Akaelekeza chaki tumboni mwa meli. "Tukiondoka saa tisa, meli itafika, afande. Dripu hazitafika."

Ndipo nilipoiona kazi yangu ilivyo. Nilikuwa nimewazika wale wagonjwa kwa mikono yangu, tena kwa heshima zote.

Nikapiga hatua mbele. "Afande, kosa ni langu. Sajenti aliniambia mabati kwanza."

"Wewe nyamaza," akasema Meja, bila kunitazama. Alikuwa akimtazama Somoe. "Sajenti, tukikosa maji kwa sababu ya saa hizi tatu, utalijibu wewe."

"Nitalijibu mimi, afande."

"Haya. Toeni."

Jamani, ile kazi! Lakini niwaambie alivyoipanga, maana hadi leo nikikumbuka nampigia saluti moyoni. Alipiga mstari wa chaki sakafuni, gati zima, akasema, "Huu ni ufuko wa Nyamwale. Mimi nimesimama ufukoni. Boti ya kwanza imefika. Nileteeni kilichomo." Tukaweka dripu kwenye mstari. "Boti ya pili." Dawa ya maji. Ikafuata sembe, kisha mahema, na mwisho kabisa, mbali na mstari, yale mabati. Mzigo wote ukawa umelala gatini kama utakavyoteremka. Ndipo akasema tuanzie kule mwisho, turudi nyuma kuelekea ufukoni. Mabati yakaingia kwanza, yakalala chini. Mahema. Sembe. Hakuna aliyeuliza swali tena, kwa sababu kila mtu aliona kwa macho yake. Yule aliyeketi chini alikuwa akibeba viroba viwili viwili.

Wakati wote huo katoni mia na sitini za dripu zilikaa gatini peke yake chini ya turubai. Saa kumi na moja na nusu Meja akarudi, akaziona, akapandwa na hasira upya.

"Sajenti! Safari nzima ni kwa ajili ya hizi, na bado umeziacha hapa kama abiria aliyekosa nauli?"

Somoe hakuacha kuandika kwa chaki juu ya katoni, boti ya kwanza, boti ya kwanza, boti ya kwanza.

"Afande," akasema, "cha kutoka kwanza huingia mwisho."

Meja akavua kofia yake, akaibana kwapani, akanyanyua katoni moja, akaiingiza melini mwenyewe. Koplo na kamanda tukapishana mlangoni kila mtu na katoni yake. Saa kumi na mbili kasorobo kamili tukang'oa nanga.

Injini haikukohoa. Meja hakuondoka mbele ya usukani safari nzima, na fundi mitambo alikaa na injini kama mtu anayeuguza. Kulipokucha tuliuona mwamba wa Nyamwale, na maji yamejaa pomoni. Nanga ilikuwa haijatulia vizuri boti ya kwanza ikawa majini, na katoni zilikuwa pale pale mkononi, mtu anazipokea na kuzipitisha. Hatukufukua chochote. Dakika kumi baada ya kutia nanga nilikuwa napita mlango wa mwamba nimekumbatia dripu. Boti zilikwenda na kurudi mara tatu. Dripu zote ziliingia na dawa yote ya maji, pamoja na viroba vichache vya sembe, kisha mawe yakachomoza, mlango ukajifunga. Mahema na mabati yalibaki melini mpaka maji ya jioni, na hayakumdhuru mtu kwa kungoja.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Wagonjwa walilala mpaka barazani, juu ya mikeka na majani ya mgomba, kumi na tisa, na wengine hawakuwa tena na nguvu hata ya kuugulia. Mganga alikuwa mama wa makamo, Bi Mtumwa Shomvi, macho mekundu, amejifunga kanga juu ya koti lake jeupe. Mkononi alishika chupa mbili za dripu. Alizitazama zile chupa, akanitazama mimi na katoni yangu, akaketi.

"Mbili," akasema. "Nilibakiwa na mbili, baba. Tangu usiku nazunguka na mbili hizi mkononi, nachagua. Nimwekee nani? Nimwache nani?"

Nilipasua katoni, nikaanza kumpa chupa, moja baada ya nyingine, naye akatundika kwenye misumari, kwenye boriti, kwenye tawi la mkorosho lililoinamia baraza. Kila mshipa aliupata mara ya kwanza. Alipomaliza wa kumi na tisa, ndipo alipolia. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Wote kumi na tisa waliiona siku ya pili.

Baadaye akaja nilipokuwa napanga katoni zilizobaki ukutani. Alikuwa amenawa uso.

"Mungu awalipe," akasema. "Nimeona mlivyoteremsha. Meli kubwa vile, mzigo wote ule, na kitu cha kwanza kushuka kikawa changu. Kumbe mlinitanguliza. Mlipoanza kupakia, mlianza na mimi."

Ningeweza kuitikia tu, nikazipokea shukrani. Lakini nilimkumbuka aliyesimama na chaki gatini, na nilijikumbuka mimi.

"Hapana, Bi Mganga," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekutanguliza, na ningekuua. Sajenti wetu akakutoa, akakuacha nje ya meli alasiri nzima. Umepakiwa mwisho, nyuma ya mabati."

Alinikazia macho, akidhani nina mzaha mbaya. Akageuka kutazama baharini, ambako meli yetu ilisimama nje ya mwamba na tumbo lake lililojaa, na maji yamekwisha kupwa, na hakuna boti iliyoweza tena kuingia wala kutoka. Kisha akawageukia wale kumi na tisa waliolala chini ya chupa zao, na nikaona amelielewa jambo lote bila mimi kuongeza neno.

"Cha kutoka kwanza," akasema polepole, "huingia mwisho."