Mbega na Picha za Chemchemi

Paukwa. Nimesikia sauti tatu tu. Wenye simu mkononi wamekaa kimya. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya, sasa twende.

Zamani, wanyama walipokwisha kuzijua simu, palikuwa na chemchemi chini ya kilima. Miti ya kilimani ilikuwa imekatwa, na chemchemi ikawa inakauka. Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, alikuwa akipanda miche pale na kuzoa tope kila asubuhi. Alikuwa peke yake.

Siku moja akaja Mbega, na joho lake jeupe begani. Akaazima mche mmoja wa Pimbi, akauchomeka ardhini, akapiga picha. Kacha. Akaung'oa. Akauchomeka pengine. Kacha. Akaung'oa tena. Mche mmoja, picha kumi na mbili. Kisha akafungua kundi mtandaoni, akaliita Watunza Chemchemi. Akaandika kwamba maji yamerudi, na wote wenye shida ya maji waje wajifunze.

Mche ule ukafa. Kundi likajaa. Wakaingia twiga, swala, fisi, hata mamba wa nchi za mbali. Wakatuma mioyo, wakatuma makofi, wakapongezana kutwa nzima. Hakuna aliyeuliza maji yako wapi.

Mmoja aliamini kweli. Ng'ambo ya mbuga aliishi Mama Nyumbu, na mto wao ulikuwa umekatika. Akaziona picha, akamchukua ndama wake, wakatembea. Siku ya kwanza wakatembea. Siku ya pili wakatembea. Siku ya tatu ndama akawa anaanguka na kuinuka, anaanguka na kuinuka. Mama akamwambia avumilie, maji yapo, ameyaona kwenye simu.

Wakafika. Tope tupu, na Pimbi katikati yake, anakinga matone kwa kibuyu. Ndama akalala chini, hakuinuka.

Pimbi akamkimbilia. Akampa ndama kibuyu kile, maji yake ya siku nzima. Gu, gu, gu. Ndama akafumbua macho.

Juu ya mti mmoja uliosalia, kacha. Mbega alikuwa akipiga picha. Mama Nyumbu akainua kichwa, akamwuliza maji ya kwenye picha yako wapi. Mbega akamweleza kwa sauti laini kwamba picha zile ni za kutia moyo tu, kwamba zinawaunganisha wapenda mazingira.

"Basi shuka ushike jembe," akasema Mama Nyumbu.

"Mama, mimi sina kidole gumba. Mbega wote hatuna. Jembe halikai mkononi."

"Na simu inakaaje?"

Mbega akaitazama simu yake. Akapanda tawi la juu zaidi.

Mama Nyumbu akatoa simu yake mwenyewe, akaandika kundini: "Chemchemi imekauka. Maji ni kibuyu kimoja kwa siku. Anayeweza kuchimba aje. Asiyeweza asitume makofi."

Wanachama elfu tatu wakasoma. Wengi wakanuna, wakasema mgeni huyu anachafua hali ya hewa. Waliokuja ni watatu: Nungunungu, Ngiri na Muhanga, ambao hawakuwahi kutuma hata picha moja. Wakachimba pamoja na Pimbi na Mama Nyumbu. Wakapanda miche, wakaizungushia miiba. Mvua za vuli zikaja, zikapita, na maji yakabaki. Yakabubujika, bubu bubu bubu, mpaka magotini mwa ndama.

Mbega akaandika kundini, "Hongera kwetu." Kwetu, mmesikia?

Kiu ikamshusha mtini. Hakufukuzwa. Alikunywa, akapangusa mdomo, akalitengeneza joho lake, akangoja. Hakuna aliyeinua kichwa kumtazama. Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Funzo ni hili: mtandao ni wa kuitana kazini. Anayeutumia kujionyesha anawapoteza wanaomwamini, na wapo wanaotembea siku tatu kwa kumwamini.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe.